Somo la Kuyachungua Maji ya Mto

Mto Pangani hupita Korogwe, wala haupiti mjini Handeni. Lakini watu wa Handeni huunywa. Maana bomba lao kuu huyachota maji ya mto ule upande wa Korogwe, na mashine huyasukuma kuipanda nchi kavu ya Uzigua. Maji yasipofika, watu huyarudia malambo, na ng'ombe na mbuzi hunywa mumo humo. Vijito vingi vya Handeni havielekei Pangani, bali huteremka kwenda Mto Msangasi, na vingine hukauka kabisa wakati wa kiangazi. Basi mtu wa Handeni akiinua kikombe chake, mara nyingi hunywa maji ambayo mtu wa Korogwe ameyaona kwanza. Ndiyo sababu tumependa walimu wa pande zote mbili walisome somo hili pamoja.

Mto wenyewe hutoka mbali. Vijito vya Meru na Kilimanjaro hukusanyika katika mito miwili, Kikuletwa na Ruvu, nayo hukutana penye bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960. Kutoka hapo mto hushuka kando ya milima ya Upare na Usambara, hupokea Mkomazi, na karibu na Korogwe hupokea Luengera. Kisha hufika Hale penye mitambo ya umeme, na mwisho huingia baharini mjini Pangani. Njia yote ni kama kilometa 500. Katika safari hiyo mto hupokea kila kitu tunachoupa: udongo wa mashamba yaliyolimwa hata ukingoni, mbolea na dawa za kuua wadudu, samadi, sabuni ya wanaofua, uchafu wa vyoo wakati wa masika, na mabaki ya mkonge.

Kwa habari ya mkonge yatupasa kunena zaidi kidogo, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kwa mshahara wake. Dakta Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, na tangu hapo nchi ya Korogwe haikuwa tena kama ilivyokuwa. Sasa, katika jani la mkonge singa ni kama sehemu 4 tu kwa 100. Sehemu zilizosalia ni nyama ya jani na utomvu, na korona huziosha kwa maji mengi. Mabaki hayo yakiachwa kuingia mtoni huoza, na katika kuoza huimaliza hewa iliyomo majini, hata samaki hufa kwa kukosa pumzi. Lakini tusiseme kwamba mkonge lazima uharibu mto. Huko Hale, katika miaka ya 2000, palijengwa mtambo wa kuyageuza mabaki hayo kuwa gesi ya kuendeshea umeme. Twasema hivi ili mwalimu asisimame mbele ya watu akakilaumu kiwanda na huku zizi la jirani yake liko hatua ishirini tu kutoka kijitoni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za watu katika mita 60 za ukingo wa mto. Nayo haikusema kwamba mita hizo ni za mwenye kiwanda peke yake.

Labda msomaji atauliza: Kwa nini tupime? Je, macho hayatoshi? Kwa kweli macho hayatoshi. Maji mekundu ya masika huenda yakawa na tope tu, na maji maangavu kama kioo huenda yakaua. Hayo walijifunza watu wa London kwa msiba mkubwa mwaka 1854. Mwishoni mwa mwezi wa nane, kipindupindu kiliingia katika mtaa wa Soho, na katika muda mfupi watu zaidi ya 600 walikufa. Waganga wengi wa siku zile waliamini kwamba ugonjwa ule huletwa na harufu mbaya. Mganga mmoja, John Snow, alisema kwamba huletwa na maji, akaonyesha kwamba wengi waliokufa walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja iliyokuwa katika njia iitwayo Broad Street. Watu waliyapenda maji ya pampu ile, maana yalionekana safi kuliko mengine.

Lakini aliyemaliza kazi ile hakuwa mganga. Alikuwa kasisi kijana wa mtaa huo, Henry Whitehead. Mwanzo hakumsadiki Snow hata kidogo. Alitaka kumwonyesha kosa lake. Basi akaenda nyumba kwa nyumba, akauliza nani alikunywa na nani hakunywa, na kama hakumkuta mtu akarudi tena na tena. Wale wenye nyumba walimfahamu, kwa kuwa yeye ndiye aliyewazika wafu wao. Walimwambia mambo ambayo mgeni hangeambiwa. Mwisho akaona kwamba Snow alisema kweli, akakiri. Tena alivumbua habari iliyokuwa imefichika: katika nyumba nambari 40, karibu kabisa na pampu, mtoto mchanga alikuwa ameugua kabla ya wengine, na mama yake alizifua nguo zake akayamwaga maji katika shimo la uchafu. Walipochimba wakaona kwamba shimo lile lilivuja na kuingia kisimani. Kijidudu cha kipindupindu kilikuwa bado hakijathibitishwa. Robert Koch alikieleza wazi mwaka 1884. Kwa hiyo Whitehead hakuwa na chombo chochote cha maarifa. Alikuwa na daftari, na miguu, na watu waliomwamini. Walimu wetu wanavyo hivyo vyote vitatu.

Sasa tuviangalie vipimo vyenyewe. Twavitaja vile ambavyo mtu wa kawaida aweza kuvifanya bila kulipwa na bila kusomea miaka mingi.

Cha kwanza ni uangavu wa maji. Mwaka 1865 padri mmoja Mwitalia, Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, alisafiri katika meli ya Papa wa Roma, akashusha sahani nyeupe baharini kwa kamba, akatazama itapotea machoni penye kina gani. Hata leo maziwa na bahari hupimwa kwa sahani ya namna hiyo. Mto wetu una mkondo, tena mahali pengine una kina kifupi, kwa hiyo twatumia bomba la plastiki jeupe lipitishalo nuru, lenye alama nyeusi chini na namba za sentimeta ubavuni. Mtu husimama kivulini, hulijaza maji, hutazama kutoka juu, na huyapunguza maji kidogo kidogo hata alama ionekane. Ndipo husoma namba. Asivae miwani ya jua. Tumemwona mmoja aliyeivaa, akasema mto umechafuka sana.

Cha pili ni karatasi ya kupimia ukali. Maji yakielekea ulimau, karatasi hugeuka rangi upande mmoja. Yakielekea umagadi, hugeuka upande wa pili. Katikati ni namba 7. Maji mazuri ya mto mara nyingi hukaa kati ya 6.5 na 8.5. Namba ikishuka ghafula chini ya hapo, yafaa kuuliza kuna nini huko juu.

Cha tatu hutupendeza kuliko vyote, nacho ni wadudu wa majini. Wao hukaa mtoni usiku na mchana, nao huonyesha hata uchafu uliopita juzi usiku wakati sisi tumelala. Wako wasiovumilia uchafu, kama yule mwenye mikia miwili anayeshikamana chini ya mawe penye maji ya kasi, au yule ajijengeaye nyumba ya mchanga na vijiti. Wako wanaovumilia mambo yote, kama minyoo na ruba. Wataalamu wa Afrika Kusini wametunga kipimo kwa ajili ya watu wa kawaida, kiitwacho miniSASS, chenye makundi 13 tu ya wadudu, na kila kundi lina alama zake. Kwa Tanzania Bi. Lulu Kaaya na wenzake walitoa mwaka 2015 kipimo cha mito yetu wenyewe kiitwacho TARISS, lakini hicho chahitaji mtu aliyezoea kuwatambua wadudu wengi zaidi. Mwalimu na aanze na kile chepesi.

Hesabu yake ni hii. Tuseme kwamba katika kijito cha juu tumepata mdudu wa mikia miwili (alama 17), mwenye nyumba ya mchanga (9), kaa (6) na mtoto wa kerengende (6). Jumla ni 38. Tukigawanya kwa makundi 4 twapata 9.5. Chini ya kijiji tumepata minyoo (2), ruba (2), konokono (4) na funza wa inzi (2). Jumla ni 10, nasi tukigawanya kwa 4 twapata 2.5. Hatuhitaji kuongeza neno. Mtoto wa shule aweza kuziona namba hizo mbili na kuuliza kati ya mahali hapa na pale pana nini. Ndiyo maana twapima daima mahali pawili, juu na chini.

Hapa na tuonye kidogo. Katika Mto Pangani wamo mamba, na katika maji yaliyotulia wamo konokono waletao kichocho. Kazi ya wadudu ifanywe katika vijito vya maji mafupi yaendayo kasi, watu wavae viatu vya mpira, wala watoto wasiende peke yao. Tumesikia mwalimu akisema kwamba mamba wa huko kwao hawali watu. Asitegemee maneno hayo.

Cha nne ni chupa nyeusi. Tumeiita hivyo sisi. Mwaka 1982 wataalamu wa India walieleza njia rahisi ya kutambua kama kinyesi kimeingia majini. Ndani ya chupa iliyotakaswa huwekwa karatasi yenye dawa, hutiwa maji ya kisima, hufunikwa, na huwekwa mahali pa joto siku moja au mbili. Vijidudu vingi vitokavyo matumboni hutoa hewa yenye harufu kama ya yai bovu, nayo ikikutana na chuma kilichomo katika dawa huleta weusi. Chupa ikiwa nyeusi, maji yale yachemshwe kabla ya kunywewa, na kisima kichunguzwe. Kipimo hiki hakisemi ni ugonjwa gani, tena visima vingine vina harufu ile kwa asili yake, hivyo hudanganya mara chache. Baada ya kusoma, tia dawa ya klorini ndani ya chupa kabla ya kuimwaga, kisha nawa mikono.

Yako mambo tusiyoweza kuyapima kwa vyombo hivi, na ni lazima tuyaseme wazi, watu wasije wakadhani kwamba chupa isipokuwa nyeusi basi maji hayana neno. Huko kwenye vyanzo karibu na Meru maji mengi yana floridi kupita kiasi, ndiyo iletayo meno ya kahawia. Kiasi kilichowekwa na Shirika la Afya la Dunia ni miligramu 1.5 katika lita moja. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki kuikusanya dhahabu, na dhahabu imo katika nchi ya Handeni. Dawa za mashamba nazo hazina rangi majini. Haya yote hayaondoki kwa kuchemsha, wala hayaonekani ila katika maabara. Kazi yetu hapo ni kueleza mahali na siku, na kuomba wenye maabara waje.

Twaja sasa kwenye daftari, na hapa ndipo tulipojikwaa.

Katika mtaa wetu mmoja tulimpa kijana mwaminifu kazi ya kupima kijito kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Daftari lake lilikuwa zuri kuliko yote, halina nafasi tupu hata moja, nasi tukalionyesha kwa wengine kuwa mfano. Siku moja tulikaa tukalisoma kwa utulivu. Tukaona kwamba uangavu wa mwezi wa nne ulikuwa sawasawa na uangavu wa mwezi wa tisa. Ndugu zetu, nani asiyejua rangi ya vijito vya Usambara katika mwezi wa nne? Tulimwita faraghani, tukamwuliza kwa upole, naye hakuficha. Mama yake aliugua, akakosa kwenda miezi mitatu, akaona haya kuleta karatasi tupu, akaandika namba nyumbani. Tukatafakari sana jambo hili. Yeye alikosa, lakini sisi ndio tuliokuwa tumeyasifu madaftari yaliyojaa, na siku zote tulikuwa tumewauliza watu kwa nini hawakuandika, wala hatukuwauliza hata mara moja kama namba zao ni kweli. Tangu siku ile katika kila ukurasa tumeweka mahali pa kuandika: Sikwenda, kwa sababu hii. Kijana yule angali anapima. Mara mbili mwaka huu ameandika kwamba hakwenda.

Tena mwalimu asishangae wengi wakianza na wachache wakidumu. Katika Kenya ya magharibi, kando ya Mto Sondu-Miriu, kuanzia mwaka 2016 wataalamu walisimamisha vipimo 13 vya urefu wa maji, wakawaomba wapita njia wasome na kutuma namba kwa simu ya mkononi. Hicho ni kipimo cha wingi wa maji, si cha usafi, lakini fundisho lake ni moja. Katika mwaka mmoja watu 124 walituma vipimo 1175 vilivyokubalika. Ila sehemu kubwa ya vipimo hivyo ilitoka kwa watu kumi na watatu tu. Kwa hiyo usharika ukipata watu wawili au watatu wasiochoka, unayo kazi iliyo imara.

Na namba hizo zipelekwe wapi? Habari ya mto na vijito ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako Moshi. Sheria ya mwaka 2009 ndiyo izipayo bodi za mabonde na jumuiya za watumiaji maji kazi zao za sasa. Habari ya visima na mabomba ya vijijini ni ya RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019. Habari ya ugonjwa ni ya afisa afya wa kata. Mpelekee kila mmoja iliyo yake, kwa maandishi, ukiweka tarehe, na ujibakizie nakala. Lakini kabla ya kuandika barua yoyote, mwendee yule anayekaa juu ya mto. Usimwendee na daftari mkononi kama karani wa mahakama. Mpigie hodi, ketini, mwulize hali ya watoto na ya shamba, kisha mwombe mwende pamoja kupima juu ya shamba lake na chini yake, na namba aisome yeye. Tumeona wazee waliokuwa wakali sana wakihamisha mazizi yao baada ya kuisoma namba wenyewe. Wengine hawakuhamisha, kwa hao barua ipo.

Nasi pia tuliendewa. Penye usharika wetu ipo chemchemi, ambayo wazee waliijengea kwa mawe zamani, na watu husema kwamba hakuna maji matamu kama yale. Wageni wakija hupewa hayo. Tulipowafundisha vijana kipimo cha chupa, tuliwapeleka kwenye chemchemi hiyo ili waione chupa isiyogeuka, wailinganishe na ile ya lambo. Kesho yake chupa zote mbili zilikuwa nyeusi. Tulisema kwamba wameikosea kazi, wakarudia. Ikawa nyeusi. Tulirudia kwa mikono yetu wenyewe, na hiyo pia ikawa nyeusi kabla ya jioni. Ndipo msichana mmoja, aliye mdogo kuliko wote, akauliza kwa adabu, Baba Mchungaji, choo cha nyumba yako kiko upande gani?

Kilikuwa upande wa juu, mita chache tu nyuma ya migomba.

Twakiri kwamba usiku ule hatukulala vizuri. Ilikuwa vigumu kuwaambia watu kwamba maji waliyowapa wagonjwa wao miaka mingi yalipita chini ya choo cha mchungaji wao. Mzee mmoja alitushauri tukihamishe choo kimya kimya, tusiseme neno. Lakini daftari lilikuwa limekwisha kuandikwa, na vijana wale walikuwa wakitutazama watuone tutafanyaje. Jumapili baada ya ibada tuliwaambia watu wote pia. Palikuwa na kimya. Kisha mama mmoja aliyefiwa na mtoto mwaka uliotangulia akasimama akaondoka. Hatujui mtoto wake alikufa kwa nini. Tulikwenda kwake jioni, tukakaa mlangoni pake, wala hatukuwa na neno la kusema. Alitupa kiti.

Choo kipya kilichimbwa upande wa chini, kile cha zamani kikafukiwa kwa chokaa na udongo, na watu walichemsha maji masika yote. Chupa ya mwezi wa tano ilikuwa nyeusi tena, ya mwezi wa saba haikugeuka, ya mwezi wa nane haikugeuka. Mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zilipoanza, iligeuka kidogo pembeni, nasi twaendelea kuchemsha. Mama yule ndiye anayezishika chupa sasa.